Lugha ya Nusu Mdomo

9 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Nimefika salama, nimeshafungua begi, na lile koti uliloniambia ni zito mno nalala nalo. Habari za karakana? Mguu wa Mama unaendeleaje? Mwambie nimepata viatu visivyoteleza, apunguze kuniombea kuhusu ngazi.

Nimekupigia simu mara kadhaa. Inaita, unapokea, nasikia msumeno, nasema "Mjomba, Mjomba," halafu inakatwa. Kama nimekukosea kitu kabla ya kuondoka, sema.

Kazi ni hii: namhudumia mzee mmoja, fundi wa kufuli aliyestaafu, ghorofa ya tatu. Jina lake limenishinda kulitamka, kwa hiyo namwita Babu, naye ameridhika. Alipatwa na kiharusi mwaka juzi, upande mmoja wa mwili umelala. Namwogesha, namlisha, namgeuza, namsogeza dirishani. Mkewe alishafariki. Ana binti mmoja tu, anafanya kazi ofisi ya bima katika mji mwingine. Huyo binti ananiandikia maelekezo, simu yangu inanitafsiria. Juzi imenitafsiria: "Usimwache baba ndani ya maji yanayochemka." Nilikaa kitako nikawaza nimefikia watu gani. Kumbe alimaanisha chai yake isiwe ya moto sana.

Lugha yenyewe siielewi hata chembe. Redioni wanaongea kama wanafukuzwa. Dukani naonyesha kwa kidole kama bubu. Wewe uliyewahi kujifunza lugha ya watu, nisaidie. Nianzie wapi?

Mpwa wako.


3 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako imekaa posta mpaka imechoka, lakini imefika. Sisi wazima. Mama yako mguu unampa likizo siku mbili tatu, kisha unarudi kazini. Anakusalimu.

Habari ya simu usiitilie maanani. Ni mtandao. Mtandao wa huku siku hizi ni wa ovyo kabisa. Tena mambo ya maana yanataka karatasi, mtu ayasome mara mbili. Tuandikiane.

Sasa sikiliza. Unajua nilivyoipata lugha ya wale wajenzi wa daraja? Sikushika kitabu hata kimoja. Nilikuwa jikoni kwao kambini, nakata vitunguu, masikio wazi. Wakicheka nacheka, wakitukana natukana. Siku moja msimamizi wao alinisikia nje ya hema lake, akadhani ni mwenzao, akaniagiza nimletee suruali. Lugha ni kama mafua, binti yangu. Huyasomi, unaambukizwa.

Kwa hiyo izime hiyo simu inayotaka kuchemsha wazee. Kaa mbele ya Babu wa watu, umtazame mdomo. Ulimi unagusa wapi, shavu linafanya nini, pumzi inatokea upande gani. Iga hivyo hivyo. Usisahihishe kitu, usijifanye unajua. Mtoto mchanga hamsahihishi mama yake.

Mjomba wako.


22 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Natumai mvua haijaingia tena kwenye mbao zako. Mama ameniambia paa la karakana limezibwa, nimefurahi.

Nimefanya ulivyosema, na Mjomba, inafanya kazi! Asubuhi nikimlisha Babu uji ananitajia vitu: kijiko, pazia, ndege, kikombe. Natazama mdomo wake, nauiga vilevile. Nikikosea anatikisa kidole cha mkono mzima. Nikipatia anapiga meza. Sasa tunaongea. Ameshanieleza aliwahi kumfungulia kufuli bwana harusi aliyejifungia chooni siku ya harusi yake mwenyewe. Nilicheka, naye akacheka mpaka nikampangusa machozi. Binti yake akipiga simu namwekea Babu sikioni, naye anaongea weee, halafu binti anasema "ndiyo, Baba, ndiyo, Baba," na kukata. Mimi mwenyewe sijawahi kuongea naye kwa mdomo. Bado tunaandikiana.

Lakini kuna mambo siyaelewi. Nikiingia duka la mikate nikisema neno lao la mkate, yule mama anakimbia kuniletea kiti. Sijaomba kiti! Pale posta mwanamke mmoja alinitazama nilivyosema "stempu," uso ukambadilika, akaita mwenzake aje anihudumie. Na mfamasia wa hapa chini, kijana mpole sana, ananijibu polepole kwa sauti ya juu, akininyooshea vidole vya kuhesabia. Wiki iliyopita alinipa karatasi yenye namba ya daktari. Nikamwambia dawa ni za Babu, mimi sina kitu. Akanishika mkono, akasema, "Pole pole tu. Utapona."

Nitapona nini? Nimejitazama mwili mzima, sioni kitu. Au weusi wangu ndio wanauona ugonjwa? Lakini hawana chuki. Wananionea huruma, na hilo ndilo linalonichanganya zaidi.

Mpwa wako.


16 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Hapa kwema, ila niligongwa kidogo na baiskeli ya muuza maziwa. Kosa ni lake, hakupiga kengele. Goti limechubuka tu. Mama yako amelikuza jambo, usimsikilize.

Pia kuna mteja mmoja kanitia hasara ya moyo. Aliagiza viti viwili, nimetengeneza viti viwili vizuri kabisa, akaja kuchukua akasema eti alitaka vitanda. Watu siku hizi wanaongea kama wamejaza chakula mdomoni.

Kuhusu hao wa dukani, nakwambia ni mshangao tu. Mgeni akiisema lugha yako sawasawa unaduwaa, hujui umpe kiti au umpe maji. Ongeza bidii. Mtazame Babu mdomo zaidi ya hapo, mwige mpaka asikutofautishe na yeye.

Mjomba wako.


4 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Sijui niulizie habari zipi. Mnaendeleaje? Mimi sijui ninavyoendelea. Barua yako imefika leo asubuhi, nimeisoma nikiwa nimekaa juu ya begi langu.

Binti wa Babu amekuja jana. Nimepasafisha, nimemnyoa Babu, nimemvalisha shati la vifungo. Nikasema leo atafurahi, maana ataona mimi na baba yake tunaongea. Nilikuwa nimejiandaa kama mtoto anayeenda kuimba mbele ya wazazi.

Amekaa. Babu akaniambia nimletee binti chai. Nikamjibu, kwa lugha yao, vizuri kabisa kama anavyopenda: "Naleta sasa hivi, Babu. Na sukari?"

Binti akanigeukia. Uso ulikuwa mweupe, ukawa mwekundu.

"Umesemaje?"

Nikadhani hakusikia. Nikarudia, kwa uangalifu zaidi, mdomo wote.

Akasimama. Akasema maneno mengi, haraka kama yale ya redioni, na katikati kuna neno moja alilirudia sana. Sikulijua. Babu akaanza kugonga meza. Akasema, mimi nilimsikia vizuri, "Mwache. Huyu ndiye anayenisikia."

"Anasema nini?" Binti ananiuliza mimi, Mjomba. Baba yake yupo mbele yake, ananiuliza mimi.

"Anasema uniache," nikajibu. "Anasema mimi ndiye ninayemsikia."

"Na bado unaendelea! Mbele yangu!"

Kila nikifungua mdomo kujitetea, nazidi kuharibu. Nikisema "samahani," anashika kichwa. Nikisema "sielewi," anaelekeza kidole mlangoni. Babu alilia. Mimi sikulia, nilikuwa najaribu kuelewa. Mwisho alinitumia ujumbe wa maandishi, tukiwa chumba kimoja: nikusanye vitu vyangu, wakala wa kazi ataleta mtu mwingine kesho.

Lile neno nimelitafuta kwenye simu. Ni "kudhihaki." Mimi nimemdhihaki nani? Namgeuza kitandani kama yai. Nimekaa hapa nayapitia maneno yangu moja moja, naangalia kama kuna tusi nimelimeza bila kujua, kama kuna heshima nimeikosa. Na wewe unaniambia nimwige zaidi. Nimwige nani tena? Niambie, nimekosea wapi?


27 Juni

Mpwa wangu,

Nimesoma barua yako karakana, nimesimamisha mashine. Mama yako alikupigia palepale, na aliponipa simu niliiweka sikioni, lakini mtandao ulikuwa mbaya, ni mvumo tu. Nilisema maneno matatu, sijui kama yalikufikia. Alipoichukua akazungumza na wewe muda mrefu, halafu hakunieleza vizuri. Anaeleza huku kanipa mgongo, anapika.

Mimi hapa sijui uko nyumba gani. Sijui umefukuzwa au umebaki. Nimeuliza hapa nyumbani, naona tu wanatabasamu.

Nimefikiri sana. Sijui umekosea wapi. Mimi nilikwambia uige, nawe umeiga. Kama kuna aliyekosea katika kuiga, basi aulizwe aliyeagiza. Andika upesi.

Mjomba wako.


8 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako ya safari hii imekuja haraka, nadhani posta walikuonea huruma. Bado nipo kwa Babu. Begi nimelifungua tena. Nisamehe kuchelewa, nilitaka kwanza nielewe mwenyewe.

Asubuhi ile nilikuwa nimeshavaa koti. Binti hakunisemesha. Mlango ukagongwa, kumbe mfamasia kaleta dawa za mwezi. Nikamfungulia mimi, kwa mazoea nikamsalimu na kumuuliza mke wake ameshajifungua. Akanijibu polepole na vidole vyake, kama kawaida: bado, wiki ijayo.

Binti alikuwa nyuma yangu. Akauliza, "Anaongea hivi hata na wewe?"

"Anaongea hivi na kila mtu," mfamasia akasema. "Tangu nimjue. Nilidhani naye amewahi kuugua kama mzee. Nimeshampa namba ya daktari."

Binti akakaa kwenye kiti cha jikoni, akafunika uso. Mabega yalikuwa yanatikisika. Nikadhani analia, nikamletea maji. Alikuwa anacheka na kulia, vyote. Kisha akanishika mkono, akanipeleka kwenye kioo cha bafuni. Akasema neno lao la mkate, mdomo wake umenyooka. Halafu akashika mdomo wake kwa kidole, akauvuta upande, akalisema tena.

Ile ya pili, Mjomba. Ile ya pili ndiyo niliyoijua mimi. Ile ya kwanza niliisikia kama neno la watu wengine.

Nikalisema mbele ya kioo. Nikauona mdomo wangu ukienda kulia, peke yake, bila kuniuliza. Nusu ya pili ya uso imetulia kama imelala. Mate kidogo pembeni. Nilijua kiharusi kililaza mkono wa Babu na mguu wa Babu. Sikujua kililaza na maneno. Nilidhani lugha yao ndivyo ilivyo! Nikakumbuka kiti cha duka la mikate, na yule wa posta, nikataka bafu linimeze. Halafu nikacheka mimi pia, maana ningefanya nini?

Binti aliomba radhi. Mimi pia niliomba, sijui ya nini. Jioni alikaa karibu na baba yake, akaniuliza, kila alichosema, "Anasema nini? Na hapo? Na hapo?" Nikagundua kwamba zile "ndiyo, Baba" za simu alikuwa haambulii hata neno. Alikuwa anaogopa kumwambia baba yake arudie. Siku ya kuondoka akaelewa sentensi nzima peke yake bila mimi. Babu alimwambia amenenepa. Akamkumbatia kama amepewa zawadi.

Sasa mwalimu wa matamshi anakuja kila wiki, kwa ajili yetu sote wawili. Tunakaa mimi na Babu mbele ya kioo kikubwa, tunapuliza karatasi, tunatoa ulimi. Mwalimu anasema Babu ni mwanafunzi mzuri. Mimi ni mkaidi. Babu mdomo haukubali, wangu haukumbuki.

Sasa ni zamu yako. Mama ameniambia. Nilimlalamikia kuhusu simu, nikasema Mjomba hanitaki. Akasema, "Hakutaki wapi! Hasikii." Kisha akajuta, akasema nisikwambie. Mtandao, Mjomba? Na muuza maziwa alipiga kengele, si ndiyo?

Mpwa wako.


2 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba. Mvua ya huku imekatika, mguu wa Mama yako umetulia, viti vile viwili nimeviuza kwa mtu mwingine.

Ni kweli.

Nadhani ni msumeno, na kabla ya msumeno ile mashine ya kusaga kokoto pale darajani. Zilianza kupotea sauti ndogo: ndege, sauti za watoto, kengele. Kisha wanawake. Kisha simu. Nikiiweka sikioni nasikia kama maji kwenye bomba. Najua ni wewe kwa sababu jina lako liko kwenye kioo cha simu. Kwa hiyo nakata, kabla hujaniuliza kitu nikajibu kingine.

Nilitaka kukwambia. Lakini mtu aliyejisifia masikio maisha yake yote ataanzia wapi? Nimekuwa nikiitikia kwa kichwa. Ukiitikia kwa kichwa watu wanakuona una busara. Nimepata sifa ya utaratibu ambayo sikuwahi kuwa nayo.

Siku hizi natazama midomo. Ndiyo namna yangu ya kusikia. Mama yako tunagombana kwa sababu anaongea akiwa na pini za nywele kati ya meno. Na nilipokwambia mtazame Babu mdomo, iga bila kusahihisha, nadhani nilikuwa najisemea mimi. Nilikupa dawa yangu ukaumwe nayo wewe.

Sijui kama umenikasirikia. Kwenye karatasi uso hauonekani.

Mjomba wako.


14 Septemba

Mjomba,

Shikamoo sana. Sijakasirika. Nilipoisoma barua yako nilikwenda kusimama dirishani na Babu akaniuliza kuna nini, nikamwambia nina mjomba. Akasema hilo ni jambo zito kweli.

Mama anasema amekupeleka kwa daktari wa masikio, na njia nzima ulikuwa unamwonyesha miti. Amesema pia kifaa umekivaa siku moja, ukakitoa, ukasema kuku wana kelele. Kirudishe. Kuku watazoeleka.

Mimi nimeendelea. Mwalimu amesema naweza kufanya mtihani wa mazungumzo wa kupata cheti cha uhudumu, nami nimeufanya, nimefaulu. Waliokuwa mezani waliniuliza nilijifunzia wapi. Nikasema nyumbani. Hawakuuliza zaidi. Duka la mikate siku hizi siletewi kiti, na sitakudanganya, siku ya kwanza nilikitafuta kwa macho.

Lakini kuna kitu kimetokea juzi, nakuletea wewe kwa sababu sina wa kumuuliza.

Mfamasia alipiga simu kuuliza kama vidonge vinatosha. Nilikuwa jikoni naosha vikombe, mlango wa chumba cha Babu uko wazi. Nikamjibu kwa mdomo wa darasani, ulionyooka, kila neno limesimama wima. Tumeongea kidogo, nimemsalimia mtoto wake mchanga, nikakata.

Babu akaita, "Nani huyo?"

"Ni mimi," nikasema, bado kwa mdomo uleule, mikono ikiwa majini.

Nikasikia kitanda kinalia, kama anajaribu kuinuka.

"Wewe nani? Umeingiaje humu?"

"Babu, ni mimi."

"Sikujui. Ondoka." Sauti yake ilikuwa na woga, Mjomba, sijawahi kuisikia hivyo. "Niitie yule wangu."

Nilisimama pale na kikombe mkononi. Nilikuwa sijui nani anayeitwa. Wa jikoni nilikuwa mimi, na mimi huyu ndiye nimehangaika naye miezi yote hii mbele ya kioo, nikamtengeneza neno kwa neno mpaka wamempa cheti. Nikakausha mikono. Nikaingia, na kabla sijafikia kitanda mdomo ulishakwenda kulia wenyewe.

"Nipo, Babu."

Akashusha pumzi. "Ulikuwa wapi?"

"Jikoni tu."

"Kulikuwa na mtu humu ndani. Mwanamke. Anaongea vizuri sana, lakini simjui."

"Ameshaondoka," nikamwambia.

Akanipa mkono nimgeuze, akalala.

Mjomba, mpaka sasa sijui kama nilimdanganya.

Mpwa wako.